Maswali ya Wasomaji: Mamlaka Ndani ya Nyumba na Nje Yake

Tangu tuchapishe makala kuhusu nadharia ya siasa ya kifeministi, yaani fikra zinazochunguza mamlaka kati ya wanawake na wanaume, katika toleo lililopita, barua zimemiminika, nyingine za kuunga mkono, nyingine za hasira, na nyingi za watu wanaotaka kuelewa kwa dhati. Nimechagua zile zinazogusa swali ambalo naamini ndilo kiini cha nadharia hii: mamlaka yanakaa wapi, na ni nani aliyeamua kwamba mahali fulani yasihesabiwe kuwa mamlaka. Majina ya walioandika nimeyaacha, na barua ndefu nimezifupisha bila kugusa maana.

SWALI: *Mwalimu, mimi ni mume na baba. Sijawahi kumnyanyulia mke wangu mkono, sijawahi kumkataza kufanya kazi, na kila jambo kubwa tunalizungumza kabla ya kuamua. Nilisikitika kusoma kwamba ndoa ni uhusiano wa mamlaka. Ni mamlaka gani hayo, ikiwa mimi siyatumii?*

JIBU: Ndugu yangu, naanza kwa kukuamini, kwa sababu hoja yenyewe haihitaji uwe mume mbaya. Mwaka 1851 mwanafalsafa John Stuart Mill, alipokuwa karibu kufunga ndoa na Harriet Taylor, aliketi akaandika tamko la kupinga haki zote ambazo sheria ya Uingereza ingempa juu ya mwili, mali na uhuru wa mke wake. Wakati huo sheria ilimhesabu mke kuwa amemezwa na mumewe: mwanasheria William Blackstone alikwisha kuieleza kanuni hiyo mwaka 1765, kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na kwamba nafsi ya kisheria ya mwanamke husimamishwa kwa muda wote wa ndoa. Mshahara wake ulikuwa wa mumewe, na watoto walikuwa wa mumewe. Mill aliahidi kwamba kamwe hatazitumia haki hizo, lakini katika tamko hilohilo alikiri kwamba hakuwa na njia ya kisheria ya kuzivua.

Hapo ndipo swali lako linapopata jibu lake la kwanza. Harriet Taylor aliolewa na mmoja wa wanaume waungwana kuliko wote wa zama zake, na bado uhuru wake ulitegemea tabia ya mtu mwingine. Kama Mill angebadilika kesho yake, sheria isingemzuia. Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1869, Mill alichapisha kitabu juu ya utii wa wanawake, na humo akasisitiza kwamba sheria hutungwa kwa kuwafikiria watu wabaya wanaoweza kupewa nguvu hizo, si kwa kuwatazama wema peke yao. Mtu mwema akipewa nguvu zisizo na mipaka, kinachobadilika ni namna anavyozishika, ilhali nguvu zenyewe zinabaki palepale.

Utasema kwamba sheria hizo zimekwisha. Nyingi zimekwisha kweli, ingawa si zamani kama tunavyopenda kudhani. Mke nchini Ufaransa hakuwa na haki ya kufungua akaunti ya benki kwa jina lake wala kuajiriwa bila ridhaa ya mumewe hadi sheria ya mwaka 1965. Sheria ya Uswisi iliyomtambua mume kuwa kichwa cha familia iliondoka mwaka 1988. Uingereza yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1991 kwa mahakama yake ya juu kutamka kwamba mume anaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Mawakili waliokuwa kazini siku ile wangali hai.

Hata sheria ikiwa safi, kuna jambo la pili, na hili ndilo ningependa ulitazame kwa utulivu zaidi. Mwanafalsafa Susan Moller Okin alieleza mwaka 1989 jinsi ndoa inavyoweza kutengeneza udhaifu wa upande mmoja hatua kwa hatua, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Wenzi wanaanza wakiwa na elimu inayokaribiana na mapato yanayokaribiana. Mtoto anazaliwa, na mmoja wao anapunguza saa za kazi, kwa kawaida yule ambaye mshahara wake ni mdogo kidogo au ambaye jamii imemlea akijua kwamba zamu hiyo ni yake. Baada ya miaka kadhaa mmoja ana cheo, akiba na pensheni, na mwingine ana ujuzi uliochakaa machoni pa waajiri. Siku wanapokosana, wote wawili wanajua, pasipo kutamka, ni nani atakayefukarika wakiachana. Anayeweza kuondoka kwa hasara ndogo ana sauti kubwa zaidi hata akinong’ona.

Fanya uchunguzi mdogo nyumbani kwako, na ufanye kwa moyo mweupe. Sikiliza sentensi zinazotumika fedha inapotakiwa. Wewe unapotaka kununua kitu chako, je, husema “nimeamua kununua”, na mkeo husema “nilikuwa nafikiria, kama wewe huoni vibaya”? Ni nani huchagua saa ya kuleta jambo gumu, akasubiri mwenzake ale, apumzike, uso wake ukunjuke ndipo aseme? Mtu anayelazimika kuusoma uso wa mwenzake kabla ya kufungua kinywa anajua mamlaka yalipo, na mara nyingi yule anayesomwa hana habari, kwa kuwa yeye hajawahi kuhitaji kusoma.

Mwanasosholojia Steven Lukes, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alisema kwamba tunakosea tunapotafuta mamlaka pale tu panapokuwa na mabishano na mshindi. Mamlaka yapo pia pale ambapo jambo halifiki mezani kabisa, na yapo kwa undani zaidi pale ambapo matamanio ya mtu yameumbwa ili asione kuwa kuna la kulalamikia. Wanafeministi wengi wameichukua hoja hii ya tatu. Mimi naikubali kwa tahadhari, maana ni rahisi mno kuigeuza iwe njia nyingine ya kuwaambia wanawake kwamba hawajui wanachotaka, na hiyo ni dharau ileile ikiwa imevaa vazi la ukombozi.

Kwa hiyo usijitetee kwa upole wako, ndugu yangu, bali uliza kama mkeo angesimama imara hata usingekuwa mpole. Jina lake liko kwenye hati ya nyumba? Anachangiwa pensheni kwa miaka aliyokaa na watoto? Akitaka kurudi darasani, ni nani atakayebeba saa zile? Hayo ni mambo unayoweza kuyafanya wewe, na sheria ya nchi inaweza kuyafanya kwa wote.

SWALI: *Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya siasa. Tunafundishwa kwamba dola ya kisasa imesimama juu ya mkataba wa kijamii, ambao watu walio huru na sawa waliukubali kwa hiari. Wanafeministi wanaupinga kwa sababu gani, wakati usawa ndio wanaoudai?*

JIBU: Wanaupinga kwa sababu wamewasoma waandishi wake hadi ukurasa wa mwisho. Chukua mwanafalsafa wa Kiingereza Thomas Hobbes. Katika kitabu chake cha mwaka 1651 anasema wazi kwamba kabla ya kuwako dola, mwenye mamlaka juu ya mtoto ni mama, kwa sababu baba hajulikani mpaka mama amtaje, na uhai wa mtoto umo mikononi mwa yule anayemlisha. Hoja hiyo ilikuwa ya kijasiri kwa karne ya 17. Ila ukiendelea kusoma, unamkuta Hobbes akieleza kwamba mamlaka hayo yamekwenda kwa baba kwa kuwa dola nyingi ziliundwa na akina baba wa familia, si akina mama. Ni kwa njia gani mama aliyekuwa na mamlaka yote aliyapoteza kabla ya mkataba kutiwa saini? Hobbes halijibu swali hilo.

John Locke naye alimshambulia Robert Filmer, mtetezi wa wafalme, kwa kumkumbusha kwamba amri ya Mungu inataka watu wamheshimu baba na mama, si baba peke yake. Ni hoja nzuri, lakini alipofika kwenye ndoa, Locke aliandika kwamba wenzi wakitofautiana ni lazima mmoja awe na neno la mwisho, na neno hilo humwangukia mwanamume kwa kuwa ni mwenye uwezo na nguvu zaidi. Mtu aliyekataa kwamba nguvu zinaweza kumpa mfalme haki ya kutawala aliikubali hoja ileile mlangoni pa nyumba.

Mwananadharia wa siasa Carole Pateman, katika kitabu chake cha mwaka 1988, aliliunganisha jambo hili kwa namna iliyobadilisha usomaji wa vizazi vilivyofuata. Alisema kwamba mkataba tunaosimuliwa ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni makubaliano baina ya wanaume kuhusu wanawake: wana walimpindua baba mfalme, wakagawana haki yake kwa usawa, na sehemu ya haki hiyo ilikuwa ni utawala juu ya wake. Kwa mtazamo huu, kutengwa kwa nyumbani na uwanja wa siasa hakukutokea kwa bahati mbaya. Mpaka huo uliwekwa na mkataba wenyewe, na ulinzi wake ni kazi ya kila siku ya dola, kwa sababu ni dola inayoamua ndoa ipi ni halali, mtoto ni wa nani, mirathi iende wapi, na ni kilio kipi cha usiku ambacho polisi wataitikia.

Katika mitihani yako usiishie kumsifu Pateman. Charles Mills alimfuata mwaka 1997 akionyesha kwamba mkataba huo ulikuwa pia wa rangi, yaani wa weupe kuhusu wasio weupe, na Nancy Fraser alimpinga Pateman akisema kwamba wanawake wengi leo hawatawaliwi na bwana mmoja mwenye sura, bali na soko la ajira lisilo na uso. Naona Fraser ana haki kuhusu viwanda na maofisi. Kuhusu chumba cha kulala, Pateman bado ananishawishi zaidi.

Uwasome pia walioishi ndani ya mkanganyiko huo. Olympe de Gouges alichapisha mwaka 1791 tamko la haki za mwanamke, akajibu kifungu kwa kifungu lile tamko la mapinduzi ya Ufaransa lililomtaja mwanamume peke yake. Katika kifungu cha 10 alisema kwamba ikiwa mwanamke ana haki ya kupandishwa jukwaa la kunyongewa, basi anastahili pia haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba mwaka 1793 alikatwa kichwa. Haki ya kupiga kura iliwafikia wanawake wa Ufaransa mwaka 1944.

SWALI: *Nchi nyingi sasa zina sheria za kuwatengea wanawake viti bungeni. Je, tukifika nusu kwa nusu si tutakuwa tumemaliza kazi?*

JIBU: Hapana, ingawa mimi ni mtetezi wa viti hivyo. Hanna Pitkin alitofautisha mwaka 1967 kati ya mwakilishi anayefanana nasi na mwakilishi anayetenda kwa niaba yetu, na Anne Phillips alieleza baadaye kwamba kuwapo kwa wanawake kuna uzito wake hasa katika mambo ambayo bado hayajapata jina wala ilani, kwa sababu hayo hayawezi kuletwa na mtu ambaye hajayaishi. Argentina ilipitisha sheria ya asilimia 30 ya wagombea mwaka 1991. Rwanda iliweka asilimia 30 katika katiba yake ya mwaka 2003, na uchaguzi wa mwaka 2008 ukaifanya kuwa nchi ya kwanza duniani ambayo wabunge wake wengi ni wanawake.

Swali ninalopendelea kuliuliza haliko katika hesabu: ni nani anayeweza kumwondoa mbunge huyo? Kama nafasi yake iko mikononi mwa kiongozi wa chama aliyeliweka jina lake kwenye orodha, atamsikiliza kiongozi, awe mwanamke au mwanamume. Kama iko mikononi mwa wapigakura, tutakuwa na pa kuanzia.

SWALI: *Shikamoo Mwalimu. Tangu niolewe naishi na wazazi wa mume wangu. Baba mkwe ni mpole. Mama mkwe ndiye anayenitesa: hesabu ya kila senti, maneno mbele ya wageni, na kazi zisizokwisha. Mume wangu hukaa kimya. Mfumo dume uko wapi hapo, ikiwa anayenionea ni mwanamke mwenzangu?*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Swali lako limewahi kujibiwa na Deniz Kandiyoti, mwanasosholojia wa asili ya Uturuki, katika makala yake ya mwaka 1988. Aliandika kwamba wanawake ndani ya mfumo dume hawakai tu wakipokea mapigo. Wanapiga hesabu, wanajadiliana na mfumo huo, na wanatafuta usalama wanaoweza kuupata kwa masharti waliyoyakuta. Katika familia ambamo bibi harusi anahamia kwa wazazi wa mume, anaingia akiwa mgeni asiye na mali wala sauti. Njia yake ya kupanda ni kuzaa mtoto wa kiume, kumfunga mwana huyo kwake kwa mapenzi, na kungoja siku atakapoleta mke. Siku hiyo ndiyo malipo yake. Mama mkwe wako huenda alivumilia miaka mingi akiingoja, na ukimwambia sasa kwamba mfumo ubadilike, anachosikia ni kwamba alilipa bure.

Sikuelezi haya ili umsamehe yanayokuumiza, wala ili uendelee kunyamaza. Nayaeleza ili umtazame pia yule ambaye hatajwi sana katika barua yako. Mumeo anakaa kimya, na ukimya wake una faida kwake: anapikiwa, nguo zake ziko tayari, na wanawake wawili wanashindania upendeleo wake ilhali yeye anaonekana mtu wa amani. Baba mkwe naye anaweza kumudu upole kwa kuwa ukali wote umekabidhiwa mkewe. Mamlaka yanapokuwa yamejengeka vizuri, wenye nayo hawalazimiki kupaza sauti, na aliye chini kidogo yao ndiye anayefanya kazi ya kumbana aliye chini zaidi.

Kwa hiyo anza mazungumzo na mume wako, na uyaanze kwa jambo moja linalopimika, kama vile nani ashike fedha unazozichuma wewe. Akisema “hayo ni mambo ya wanawake, malizaneni wenyewe”, mwambie kwamba nyumba ile ni yake pia. Na ikiwa mateso hayo yanaingia katika vipigo au vitisho, usingoje nadharia. Tafuta ndugu unayemwamini na msaada wa kisheria mapema.

SWALI: *Ufeministi unazungumza kuhusu “wanawake” kana kwamba sisi sote ni kitu kimoja. Tajiri na mfanyakazi wake wa ndani wana mapambano yapi ya pamoja? Na si kweli kwamba fikra hizi zimetoka ng’ambo?*

JIBU: Sehemu ya kwanza ya swali lako ni lawama ambayo wanafeministi wenyewe wameitoa kwa ukali kuliko mtu mwingine yeyote. Mfano unaonielea zaidi ni kesi ya Marekani iliyoamuliwa mwaka 1976, ambapo wanawake weusi watano waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni hiyo haikuwa ikiajiri wanawake weusi kabla ya mwaka 1964, na mdororo wa uchumi ulipokuja ikapunguza wafanyakazi kwa kuanza na walioajiriwa mwisho, hivyo wanawake weusi walioajiriwa baada ya mwaka 1970 wote wakatoka. Mahakama ilisema kwamba hapakuwa na ubaguzi wa jinsia, kwa kuwa kampuni iliajiri wanawake tangu zamani. Wanawake hao walikuwa weupe. Ikakataa pia kuwaruhusu walalamikaji waunganishe jinsia na rangi katika dai moja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 akatumia mfano wa njia panda: mtu anayesimama katikati anaweza kugongwa na magari kutoka pande zote, na mahakama inayotaka kujua ni barabara moja ipi iliyomleta dereva itamwacha bila msaada. Mfanyakazi wa ndani uliyemtaja amesimama katika njia panda hiyo, na tajiri wake anaweza kuwa mmoja wa madereva. Ufeministi usiokubali kulisema hilo hauna wa kumkomboa isipokuwa tajiri.

Kuhusu ng’ambo, ni kweli kwamba nadharia nyingi ninazozitaja ziliandikwa Ulaya na Marekani, na Chandra Talpade Mohanty aliwaonya waandishi wa huko mwaka 1984 dhidi ya tabia ya kuwachora wanawake wa nchi maskini kama umati mmoja wa wanyonge wasio na historia. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alikwenda mbali zaidi mwaka 1997, akidai kwamba katika jamii ya Wayoruba wa Afrika Magharibi kabla ya ukoloni umri ndio uliopanga vyeo vya watu kuliko jinsia. Wapo wasomi wa Afrika wanaompinga, na mimi nadhani alipunguza mno uzito wa jinsia, lakini swali lake ni la lazima: tusidhani kwamba mamlaka hupangwa kwa ngazi ileile kila mahali.

Upinzani dhidi ya mamlaka, hata hivyo, haukuagizwa kutoka popote. Wanawake wa Kiigbo kusini mashariki mwa Nigeria walikuwa na desturi ya kumwendea mwanamume aliyewakosea, wakakusanyika nyumbani kwake, wakaimba makosa yake na kucheza hadi akiri na kuahidi kujirekebisha. Mwaka 1929, walipohofu kwamba serikali ya kikoloni ingewatoza kodi, waliitumia desturi hiyohiyo kwa maelfu dhidi ya machifu waliowekwa na Waingereza. Askari wa serikali walifyatua risasi na kuua wanawake zaidi ya 50. Utawala huo wa machifu ulilazimika kufanyiwa mabadiliko baadaye. Mwanamke aliyekuwa akiimba uani kwa chifu yule alijua vizuri sana siasa ni nini, hata kama hakuna mtu aliyekuwa ameandika nadharia kumhusu.

SWALI: *Mimi ni mama wa nyumbani. Mume wangu anasema yeye ndiye “anayefanya kazi”. Nimesoma kwamba kuna waliodai kazi za nyumbani zilipwe mshahara. Unaonaje? Na kikundi chetu cha wanawake kinaweza kuanzia wapi?*

JIBU: Dada yangu, dai hilo lilianza kuandaliwa mwaka 1972 na wanawake kama Mariarosa Dalla Costa, Selma James na Silvia Federici. Hoja yao ilikuwa kwamba kiwanda kinamlipa mfanyakazi mmoja huku kikipata kazi ya watu wawili, maana yupo anayemlisha, anayemfulia na anayemlea mfanyakazi wa kesho bila senti moja. Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani, aliwajibu mwaka 1981 kwamba mshahara huo ungemfunga mwanamke jikoni, na kwamba wanawake weusi waliokuwa wakilipwa kwa kusafisha nyumba za wengine hawakukombolewa na malipo hayo. Nimeshawishika zaidi na Davis kuhusu tiba, na zaidi na wale wa kwanza kuhusu ugonjwa. Vituo vya kulelea watoto, likizo ya uzazi kwa akina baba na pensheni inayohesabu miaka ya malezi vinagawa kazi yenyewe, ilhali mshahara unaweza kuiacha mikononi mwa mtu yuleyule.

Kuhusu pa kuanzia, kumbuka kwamba mamlaka si kumtawala mwingine tu. Mwanafikra wa siasa Hannah Arendt aliyaeleza kuwa ni uwezo unaozaliwa watu wanapotenda kwa pamoja, na wanafeministi wameushika uzi huo kwa nguvu. Tarehe 24 Oktoba 1975 takriban asilimia 90 ya wanawake wa Iceland waliacha kazi kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Shule na viwanda vilifungwa au vikabaki na watu wachache, na akina baba wakaenda kazini wakiwa wameongozana na watoto wao. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria ya usawa wa kijinsia, na mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir akachaguliwa kuwa rais. Tarehe hiyohiyo ya mwaka 2023 waligoma tena, safari hii akiwamo waziri mkuu wa wakati huo Katrín Jakobsdóttir, kwa sababu tofauti ya mishahara na ukatili dhidi ya wanawake vilikuwa havijakwisha.

Kikundi chenu hakihitaji kugoma wiki hii. Kila mmoja wenu aandike kazi zote alizofanya jana tangu kuamka hadi kulala, pamoja na zile za kukumbuka, kama vile tarehe ya chanjo, dawa ya mzee na ada iliyobaki, kisha aandike za mume wake kwa siku hiyohiyo. Orodha hizo zisomwe kwa sauti mkiwa pamoja kabla ya kupelekwa nyumbani, maana mwanamke akiisoma peke yake mbele ya mumewe ataambiwa analalamika, na mkiwa mmekwisha kuzilinganisha mtajua ni mambo gani kati ya hayo yanahitaji mazungumzo ya nyumbani na ni yapi yanahitaji kupelekwa kwa mwajiri, kwa diwani au kwa mbunge.